Shule Niliyoisafisha kwa Masaa Manne

Siku ya kuniaga walinipa keki ya karoti, shada la maua, na hotuba ya dakika tatu kutoka kwa meneja aliyekosea jina langu mara mbili. Nilishukuru, maana keki ilikuwa nzuri. Halafu nyinyi wadogo zangu wa zamu ya asubuhi mkanizunguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo mkasema, Papa Neema, tuandikie mambo ya kazi kabla hujayasahau. Kilichozeeka kwangu ni magoti, kichwa bado kipo. Ila msitegemee niwafundishe kupanda cheo. Mimi sikupanda, na waliopanda niliwaona walivyopanda, sikuwaonea wivu.

Nitawaambia habari za sakafu, na habari za kazi niliyoikataa. Najua maneno yanazunguka kuhusu kazi ile, hasa kanisani, kwamba Papa Neema alikataa kazi ya ndugu yake akabaki amekaa nyumbani anakula pesa za bure. Wanaosema hivyo wengi wao hawajawahi kuinama kubandua bazoka iliyotafunwa chini ya dawati. Lakini na mimi nina langu la kujibu, na nitalisema.

Kabla ya Sweden nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye kiwanda cha sukari, huko kwetu upande wa Uvira. Nilikaa getini na daftari, nikaandika nani kaingia saa ngapi na nani katoka saa ngapi. Niliwakamata wengi walioandikiwa masaa ambayo hawakuyafanya. Miaka yote ile sikuwahi kukutana na mtu aliyeyafanya masaa halafu akayaficha. Ningemkuta ningempeleka zahanati akapimwe malaria.

Stockholm nilifika mtu mzima tayari, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa usafi kwenye shule moja karibu na Rissne. Jina la shule nitaliacha, haina kosa. Siku ya kwanza nilivaa tai. Nilidhani kazi ni kazi, mtu anajiheshimu. Aliyenipokea alikuwa mama mmoja wa Kifini anayeitwa Aino, mfupi, ana ugoro chini ya mdomo wa juu kama kawaida ya watu wa huku. Alinitazama ile tai, akaishika ncha, akaichovya kwenye ndoo ya maji machafu. Kisha akanipa ovaroli. Kiswidi chake kilikuwa kibovu na changu hakikuwapo kabisa, kwa hiyo tulielewana haraka.

Aino ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua. Mopu haisukumwi mbele, unarudi nayo nyuma huku ukiizungusha kushoto na kulia, ili usikanyage ulikopita. Kitambaa cha choo ni chekundu na hakitoki chooni hata mfalme aje. Alama nyeusi za soli zinatoka kwa mpira wa tenisi uliochomekwa kwenye mti, si kwa dawa. Na wakati wa baridi adui si theluji. Adui ni changarawe wanayomwaga barabarani watu wasiteleze, inayoingia na mabuti ya watoto mia tatu na kuikwaruza sakafu mpaka nta yote inakwisha. Ukiisukuma changarawe na mopu umeharibu. Lazima uifagie kwanza, kavu, korido nzima, kila asubuhi.

Shule ile tulikuwa tunaisafisha watu wawili. Aino alipostaafu, msimamizi wa kampuni yetu ya usafi alikuja na karatasi yake akaniambia jengo sasa ni langu peke yangu, masaa manne, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi. Mchana nitakwenda kusafisha ofisi huko Kista. Akaniuliza kama nitaweza.

Nikamwambia hakuna shida.

Nyinyi wenzangu mnaijua hiyo hakuna shida. Tunaitoa hata nyumba ikiwaka moto. Mswidi akiulizwa kama ataweza, anauliza kwanza kuna vyumba vingapi. Sisi tunajibu hakuna shida, halafu tunakwenda kuitafuta hiyo shida tukiwa peke yetu. Wiki ya kwanza ikanionyesha kwamba jengo lile, kwa mtu mmoja mwenye miguu miwili, ni masaa saba. Si sita na nusu. Saba.

Kwa hiyo nikawa naingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa sita mchana. Kwenye karatasi ya mahudhurio nikaandika kumi na mbili hadi nne, nikasaini, kama nilivyoambiwa. Niliogopa nikisema haitoshi watamleta mtu mwingine. Baadaye woga uliisha, zikabaki sifa. Mwalimu mkuu alikuwa anawaleta wageni kwenye korido yangu kuwaonyesha sakafu inavyong'aa. Msimamizi alikuwa anawaambia wafanyakazi wengine, muulizeni yule Mkongo anafanyaje, jengo zima masaa manne. Nami nacheka, najifanya nina siri ya kazi. Karani mzima wa mahudhurio, naghushi mahudhurio yangu mwenyewe kujipunja. Ujinga wa namna hiyo hauji mara moja, unahitaji miaka, na mimi niliupa minane.

Aino alipita siku moja kunisalimia, saa sita kasoro. Alinikuta nasugua vyoo vya ghorofa ya pili.

"Unaandika masaa mangapi?" akaniuliza.

"Manne."

Akaweka kikombe chake cha kahawa kwenye dirisha. "Basi wewe ni mwizi," akasema. "Unamwibia atakayekuja nyuma yako."

Nilimwona mama mzee aliyechoka na kustaafu. Nilimsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, nikarudi kwenye vyoo vyangu.

Mwaka uliofuata zabuni ya usafi ilitangazwa upya, kampuni yetu ikashindwa, na wote tukapunguzwa kazi siku moja. Hapo ndipo nilipoingia kwenye mfuko wa wasio na kazi, ambao sisi sote tunauita kasa. Kuna watu wanalitamka neno hilo kama ugonjwa wa aibu. Mimi nilikuwa nalipa ada yake kila mwezi tangu nilipoanza kazi, kwa hiyo nilipokea bila kuinamisha kichwa. Kilichonichosha ni ofisi ya kazi, ile ya serikali inayowatafutia kazi wasio nayo. Walinipeleka kwenye kozi ambako kijana mwenye umri wa binti yangu alinifundisha jinsi ya kumpa mtu mkono. Tulifanya mazoezi. Nilifaulu.

Halafu ikaja barua: kazi ya usafi, shule mbili, siku nzima, mshahara wa siku nzima. Shule ya kwanza ilikuwa ileile yangu. Mwenye kampuni alikuwa Melki.

Melki ni Mrundi, tunasali naye kanisa moja hapa Hallunda. Wakati huo alikuwa kiongozi wa kwaya, na alikuwa na gari jeupe lenye jina la kampuni ubavuni, ambalo alikuwa analiegesha mlangoni kabisa mwa kanisa ili wazee wasilikose. Zabuni ya shule ile alikuwa ameishinda kwa bei ya chini kuliko wote. Nilikwenda kumwona palepale shuleni.

"Papa Neema, jengo hili unalijua kuliko unavyomjua Mama Neema," akaniambia. "Manne asubuhi hapa, manne mchana kule jirani. Siku imekwisha."

"Na nikizidisha masaa?"

"Ukizidisha ni mwendo wako, ndugu yangu. Mimi nalipa jengo, silipi saa."

Nilipiga hesabu kimyakimya. Shule ya jirani ilikuwa kubwa kama hii. Saba na saba ni kumi na nne. Melki alikuwa ananipa mshahara wa masaa manane kwa kazi ya masaa kumi na manne, na kwa namna hiyo kila saa yangu ilikuwa inalipwa kidogo kuliko saa ya mtoto wa shule anayegawa magazeti. Nilitaka kucheka. Lakini alikuwa ndugu wa kanisani, na sisi hatumwambii mtu hapana usoni. Nikamwambia, "Aksanti sana, ndugu. Acha kwanza nikazungumze na nyumbani."

Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Melki alijua vizuri sana. Wiki hiyohiyo akaiandikia ofisi ya kazi kwamba nimekataa kazi bila kutoa sababu, na ukweli ni kwamba sababu sikuitoa. Kasa wakanitumia barua: nieleze kwa maandishi kwa nini nimekataa, la sivyo posho inasimama. Mama Neema wakati huo alikuwa anapata nusu zamu tu kwenye nyumba ya wazee, na binti yetu Neema alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Posho ile ndiyo iliyokuwa inalipa nyumba. Ikisimama, tunatoka.

Nilikwenda ofisi ya kazi kujieleza. Afisa alikuwa mama mpole mwenye miwani ya kamba, Annika. Akaniambia mshahara ni wa kawaida, masaa manane ni ya kawaida, kwa hiyo sheria inanitaka niikubali. Nikamwambia jengo lile halisafishwi kwa masaa manne, haiwezekani.

Akafungua faili akatoa karatasi, akazipanga mezani moja moja. Zilikuwa karatasi zangu za mahudhurio. Melki alikuwa amezipata kwenye nyaraka za zabuni, na juu ya hizo ndipo alipojengea bei yake. Akaambatanisha nakala na barua yake.

"Hii ni saini yako?" Annika akauliza.

"Ni yangu."

"Na hii?"

"Zote ni zangu."

Alinipa wiki mbili za kuandika maelezo, akanisindikiza hadi mlangoni akanipa mkono. Kozi ilikuwa imenisaidia, nilimpa mkono vizuri.

Jumapili, baada ya ibada, Melki akaja nyumbani na wazee wawili wa kanisa kutupatanisha. Mama Neema aliwaandalia chai na mandazi, wakakaa, wakaomba, wakanywa. Wazee walianza kwa mbali, habari za upendo, habari za umoja wa watu wetu ugenini. Melki hakuwa na subira hiyo.

"Unakataa kazi ya ndugu yako," akasema, "halafu unakaa unakula jasho la Waswidi."

"Kasa nimeilipia mwenyewe kila mwezi," nikamwambia. "Na jasho unalolitaka wewe ni langu."

Mzee mmoja akainua mkono. "Papa Neema, hata kazi ndogo ni kazi. Sema tu ndiyo, mambo yaishe."

"Si ndogo, mzee. Tatizo lake ni kwamba ni kubwa. Ni kazi ya watu wawili."

Melki akaweka kikombe chini taratibu. Akatabasamu, na tabasamu lile bado naliona. "Miaka minane umesaini masaa manne. Tuambie hapa mbele ya wazee. Ulikuwa unadanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

Nilimchukia Melki dakika ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilimchukia zaidi kwa sababu swali lake lilikuwa zuri. Nikisema sasa, nimeshindwa, nakwenda kufanya masaa kumi na manne kila siku mpaka mgongo uvunjike. Nikisema wakati ule, sifa zangu zote zimekwisha mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya mke wangu.

"Wakati ule," nikasema. "Nilikuwa nafanya saba."

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika. Alinisikiliza, akafikiri kidogo. Wageni wapo, lakini hakusubiri waondoke.

"Masaa matatu kila siku?" akaniuliza. "Miaka minane? Neema alikuwa na kifaduro mimi nambeba peke yangu hospitali, na wewe unawasugulia bure?"

Alichukua sahani ya mandazi kutoka mezani, akairudisha jikoni. Wazee wakaelewa kwamba kikao kimekwisha.

Barua aliiandika Neema, kwa sababu Kiswidi chake ni cha kuzaliwa nacho. Mimi nilisema kwa Kiswahili, yeye akaandika. Alipofika kwenye yale masaa aliacha kuandika akaniuliza kwa Kiswidi kwa nini nilifanya vile. Nikamwambia niliogopa. Akauliza, miaka yote minane? Nikamwambia hapana, mwaka mmoja niliogopa, saba nilijisikia kwa sifa. Aliyaandika yote mawili. Nilimwomba aondoe lile la pili, akakataa.

Lakini maneno matupu dhidi ya saini yako mwenyewe ni kazi bure. Aliyeniokoa ni Göran, msimamizi wa jengo la shule, mtu asiyetupa kitu. Kila anayeingia pale asubuhi anazima alamu kwa namba yake ya siri, na mashine inaandika saa. Kila anayefunga stoo ya vifaa pia. Göran alikuwa amezichapa orodha zote na kuzitia kwenye mafaili, hakuna aliyemwambia afanye hivyo na hakuna aliyewahi kuzisoma. Namba yangu ilikuwa mle, asubuhi baada ya asubuhi: alamu saa kumi na moja, stoo saa sita. Nilikuwa na daftari la getini bila kujua, na karani wake alikuwa mwaminifu kuliko mimi.

Tulipeleka barua na orodha. Nilisubiri wiki tatu, na kwa wiki tatu hizo Mama Neema aliongea nami mambo ya lazima tu. Jibu lilipokuja lilikuwa na mistari michache. Kasa walisema kwa masaa halisi ya kazi ile, mshahara uko chini mno, sikuwa na wajibu wa kuikubali, posho inaendelea. Nyumba tukabaki nayo. Mama Neema aliisoma barua, akaisoma tena, akasema, "Kumbe ukweli unaujua ukitaka." Siku ile alinipakulia chakula mwenyewe.

Hapo ndipo ningependa kuishia, nimeshinda, Melki ameumbuka, mnipigie makofi. Lakini Melki alikuwa bado na jengo la kusafisha, na akampata Esperance.

Esperance mnamjua. Ndiye anayewasimamia sasa, yule mnayemlalamikia kwamba anaufunga mlango wa stoo na kukataa mtu aguse ndoo kabla ya saa ya kazi. Mnasema ana roho mbaya. Wakati ule alikuwa mgeni, anakaa Husby na watoto wawili wadogo, hajawahi kuajiriwa nchi hii, kwa hiyo kasa hakuwa nayo na wa kumwandikia barua hakuwa naye. Melki alimpa shule yangu moja, masaa manne. Jumamosi akanipigia simu.

"Papa Neema, shikamoo. Melki anasema wewe ulikuwa unaimaliza kwa masaa manne. Naomba uje unionyeshe njia."

Jumatatu saa kumi na mbili kamili nilikuwa pale. Ilikuwa wakati wa baridi, changarawe imejaa korido nzima. Nilimkuta ameshafunga kitambaa kichwani, anaijaza ndoo. Nikamwambia pale kwenye ngazi, bila kuzunguka, kwamba njia hakuna. Kwamba sikuwahi kuimaliza kwa manne hata siku moja, niliandika tu.

Alifunga bomba.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Mimi siwezi kukataa kama wewe, Papa. Nikikataa sina pa kurudi."

Nilivua glavu za baridi nikachukua fagio la pili. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: mimi nachukua ghorofa ya juu, yeye ya chini, saa nne tumemaliza, na nitakuja tena kesho, na keshokutwa, mpaka azoee. Niliona huo ndio uungwana niliobaki nao. Esperance akaja akaushika mpini wa fagio, juu kidogo ya mkono wangu.

"Weka chini," akasema.

"Leo tu. Ni siku yako ya kwanza."

"Ukifagia, leo itatoka manne. Melki ataona manne, na kesho atataka manne." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mimi nitafanya saba na nitaandika saba. Akinifukuza, anifukuze kwa saba. Weka chini, Papa."

Nikaliweka. Nilikaa kwenye ngazi na koti langu, mtu mzima mwenye mikono yake miwili, nikamwangalia akifagia changarawe ile peke yake, korido nzima, ghorofa zote, mpaka saa saba mchana. Hakuna kazi ngumu niliyofanya kwenye jengo lile kuliko hiyo.